Haki ya Mzee katika Baytul-Mal

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Si siku nyingi zilizopita, baada ya darsa ya Alasiri, muulizaji mmoja alisimama akatuuliza: “Sheikh, serikali siku hizi inawapa wazee pesa kila mwezi. Je, huku si kuwafungulia watoto mlango wa kuwatupa wazee wao?” Kabla hatujafungua kinywa kujibu, mzee mmoja aliyeegemea nguzo, mtu aliyevuka miaka sabini, akasema: “Mwanangu, hizo pesa nazipokea, lakini wa kunitekea maji ya udhu sina.” Watu wakacheka, kisha wakanyamaza.

Tulijibu tulichojaaliwa siku ile, lakini maneno ya wawili hao hayakututoka. Wa kwanza anaogopa kuwa fedha ya umma itaua wajibu wa mtoto kwa mzazi. Wa pili anasema fedha peke yake haimtoshi, anachohitaji ni mtu. Tukarejea vitabu vya historia na fiqhi, na tukakuta kwamba masuala yote mawili yamewapitia waliotutangulia, na kwamba walikwisha kuyatolea hukumu kwa kauli na kwa vitendo. Haya hapa, ndugu msomaji, kwa ufupi.

WAJIBU WA MTOTO NA WAJIBU WA UMMA

Allah (S.W.) katika Suratul-Israa, aya ya 23, ameamrisha wazazi wawili wafanyiwe wema, akataja khasa hali yao wanapofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao. Wafasiri wamezingatia neno hilo, kuwa kwake. Mahala pa kwanza pa mzee ni kwa watu wake, wala hakuna taasisi inayoweza kuliondoa jambo hilo.

Juu ya msingi huo mafakihi wakaijenga milango ya nafaqa. Ibnul-Mundhir (aliyefariki mwaka 318H/930) amenakili makubaliano ya wanachuoni kwamba wazazi mafukara wasio na kipato wala mali, matumizi yao ni wajibu katika mali ya mtoto wao. Imam Nawawi (aliyefariki 676H/1277), katika Minhaj ambayo wengi wetu tumeisoma tukiwa wanafunzi, amekwenda mbali zaidi. Amelipa nguvu rai kwamba mzazi fakiri hulishwa na mtoto wake hata kama mzazi huyo bado anaweza kuchuma. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye uwezo hana ruhusa ya kumwambia baba yake akatafute kazi.

Basi itakuwaje kwa mzee asiye na mtoto, au ambaye mtoto wake ni fakiri mfano wake? Hapa ndipo inapokuja hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa anayeacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake, na anayeacha wategemezi na mizigo, basi jukumu hilo ni la Mtume (S.A.W.). Wanachuoni wamefahamu kuwa jukumu hilo alilibeba akiwa kiongozi wa umma, na kwa hiyo baada yake linakaa juu ya Baytul-Mal, yaani hazina ya Waislamu. Asiye na mtu, mtu wake ni hazina.

Kwa hiyo tangu mwanzo wajibu huu ulikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya pili haikuwekwa ili kuifuta ya kwanza. Iliwekwa ili anayeanguka kutoka ile ya kwanza asifike chini.

KUTOKA HIRA HADI MLANGO WA MADINA

Mwaka 12H (633), katika ukhalifa wa Abu Bakr (R.A.), Khalid bin al-Walid (R.A.) alifunga mkataba na watu wa Hira kule Iraq, nao walikuwa Wakristo. Qadhi Abu Yusuf (aliyefariki 182H/798), mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameuhifadhi mkataba huo katika Kitabul-Kharaj, kitabu alichomwandikia Khalifa Harun ar-Rashid kuhusu fedha za dola. Ndani yake mna sharti kwamba mzee yeyote aliyedhoofika akashindwa kazi, au aliyepatwa na maradhi, au aliyekuwa tajiri akafilisika hadi watu wa dini yake wakawa wanampa sadaka, ataondolewa jizya, naye pamoja na walio chini yake watatunzwa na Baytul-Mal ya Waislamu maadamu wanaishi katika nchi ya Kiislamu.

Tuitazame tarehe yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameondoka duniani mwaka uliotangulia tu. Dola ilikuwa changa, na daftari la hazina, yaani diwani, halikuwa limeanzishwa. Hata hivyo amiri wa jeshi aliyekuwa vitani alijua kwamba mzee aliyeishiwa nguvu anaandikiwa haki yake katika mkataba.

Zama hizo hizo, kama alivyosimulia Suyuti (aliyefariki 911H/1505) katika Tarikhul-Khulafaa, Umar (R.A.) alikuwa akimwendea usiku ajuza mmoja kipofu pembezoni mwa Madina, akimtekea maji na kumtengenezea mambo yake. Kila akifika akawa anakuta mtu amemtangulia na kazi imekwisha. Siku moja akamvizia amjue ni nani, akakuta ni Abu Bakr, naye wakati huo ndiye Khalifa. Msomaji azingatie aina ya msaada wenyewe. Bibi yule hakuhamishwa kwake wala hakupelekewa dirhamu tu. Alitekewa maji nyumbani kwake.

Kisha ukaja ukhalifa wa Umar mwenyewe (13–23H/634–644). Abu Yusuf amesimulia kwamba Umar alipita kwenye mlango wa watu akamkuta mzee kipofu anaomba. Akamgusa mkono wake kwa nyuma, akamuuliza yeye ni wa dini gani. Akajibu kuwa ni Myahudi. Akamuuliza kilichomfikisha pale, naye akataja mambo matatu: jizya, haja na umri. Umar akamshika mkono akaenda naye hadi nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho. Baada ya hapo akamwita mshika hazina, akamwamrisha amwangalie mzee huyo na wote walio mfano wake, akibainisha kuwa si uadilifu umma kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Akamtia katika fungu la masikini waliotajwa katika aya ya sadaka, yaani Suratut-Tawba aya ya 60, na akamwondolea jizya yeye na mifano yake.

Katika kisa hiki mna mambo mawili ambayo aghlabu hayatajwi kinapohadithiwa kwenye mimbari. La kwanza ni kwamba Umar alitoa mara mbili, cha mfukoni mwake na cha hazina. Kile cha kwanza ni sadaka, kimemalizika siku ile ile. Cha pili ni haki, na kimewafikia watu ambao Umar hakuwaona kwa macho. La pili ni hoja aliyoitumia. Hakusema mzee yule anahurumiwa. Alisema kuwa umma umefaidika na nguvu zake alipokuwa kijana, basi una deni kwake.

BARUA YA BASRA

Umar bin Abdul-Aziz (R.A.) alishika ukhalifa kwa muda wa miaka miwili na miezi tu (99–101H/717–720). Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam (aliyefariki 224H/838), katika Kitabul-Amwal, ametuhifadhia barua aliyompelekea gavana wake wa Basra, Adiyy bin Artah. Humo alimwagiza awatazame watu wa dhimma walio katika eneo lake ambao umri umekuwa mkubwa, nguvu zimepungua na chumo limekatika, kisha awapatie kutoka Baytul-Mal kiasi cha kuwafaa. Na hoja yake aliyomwandikia ni kile kisa cha babu wa mama yake, Umar bin al-Khattab, na yule mzee wa mlangoni.

Tofauti ya visa viwili hivi ni kubwa. Umar wa kwanza alikutana na mzee akiwa njiani. Umar wa pili hakutaka jambo hilo litegemee Khalifa kupita njiani. Alimtaka gavana awatafute wazee wenyewe. Mzee anayengojewa aje aombe amekwisha kuvunjiwa heshima kabla ya kupewa, na mzee aliyedhoofika zaidi ndiye asiyeweza kufika mlangoni akaonekana.

KIONGOZI KWA KIPOFU, MTUMISHI KWA ASIYEJIWEZA

Sasa tumjibu mzee wetu wa nguzoni. Je, Baytul-Mal iliwahi kutoa mtu badala ya fedha tu?

Tabari (aliyefariki 310H/923) ametaja katika Tarikh yake kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik (86–96H/705–715) aliwapangia wenye ukoma posho, akawakataza kuombaomba, na akampa kila asiyeweza kusimama mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Hatusemi hivi kuusafisha utawala wake wote, kwani gavana wake wa Iraq alikuwa al-Hajjaj, na mambo ya al-Hajjaj yanajulikana. Lakini wema hutajwa hata ukiwa umechanganyika na mengine, na Tabari mwenyewe amesema kuwa watu wa Sham walimhisabu al-Walid kuwa katika bora ya makhalifa wao.

Kisha Umar bin Abdul-Aziz akaliweka jambo hili katika utaratibu. Ibnul-Jawzi (aliyefariki 597H/1201), katika kitabu chake cha sira ya Khalifa huyo, ameeleza kuwa aliandika kwa miji ya Sham aletewe majina ya kila kipofu, asiyeweza kusimama, aliyepooza, na mwenye ugonjwa wa kudumu unaomzuia asisimame kuswali. Majina yalipofika, akaamuru kila kipofu apewe mtu wa kumwongoza, na kila wagonjwa wawili wa kudumu wapewe mtumishi mmoja.

Tunawaomba wasomaji wasimame kidogo kwenye hisabu hiyo. Kipofu mmoja, kiongozi mmoja, kwa sababu vipofu wawili wanaokwenda njia mbali mbali hawawezi kuongozwa na mtu mmoja. Wagonjwa wawili wa kudumu, mtumishi mmoja, kwa sababu wako nyumbani na mtu mmoja anaweza kuwahudumia kwa zamu. Hii ni hisabu ya mtu aliyekaa akafikiri siku ya mgonjwa inavyokwenda, na akafikiri pia hazina ina nini. Na kipimo alichokitumia kumjua anayestahiki si umri wala utajiri. Ni kusimama katika swala, jambo ambalo kila msikiti unaweza kulitolea ushahidi.

Amana ya elimu inatulazimu kutaja kuwa watumishi wa zama zile aghlabu walikuwa watumwa waliotokana na fungu la dola katika ngawira. Hilo limepita, na hakuna anayetaka lirudi. Kinachobaki ni hukumu yenyewe, kwamba huduma ya mwili wa mzee ni miongoni mwa matumizi halali ya fedha ya umma. Leo mhudumu huyo ni mfanyakazi huru, mwenye mshahara na haki zake, na dhulma ya mhudumu haiwi njia ya kumsaidia mzee.

NYUMBA YA MZEE HAIUZWI

Lipo suala jingine ambalo mafakihi walilitazama kwa jicho la ndani. Mzee ana nyumba aliyoijenga ujanani, lakini hana chakula. Je, aambiwe auze nyumba kwanza ndipo asaidiwe?

Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa wanaostahiki zaka, amesema kuwa makazi ya mtu na nguo zake havimtoi katika ufakiri. Washereheshaji wake, kama Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa na Khatib ash-Shirbini katika Mughnil-Muhtaj, wote wawili wa karne ya kumi Hijria, wakaongeza mtumishi ambaye mtu anamhitajia. Maana yake ni kwamba mzee mwenye nyumba na mhudumu anaweza kuhisabiwa fakiri na akapewa. Hatakiwi kwanza ajivue paa na msaidizi wake ndipo aonekane muhitaji.

Hukumu hii inamlinda mzee abakie kwake, kwenye msikiti wake, kwenye baraza yake na kwa majirani wanaomjua. Anayempa mzee chakula kwa sharti la kumtoa nyumbani kwake amempa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

FUNZO LA KUKATIKA

Umar bin Abdul-Aziz alifariki mwaka 101H akiwa hajafikisha miaka arubaini na mitano, na mengi aliyoyaasisi hayakudumu baada yake. Wema uliosimama juu ya mtu mmoja huondoka naye. Waislamu walilifahamu hilo, na katika karne zilizofuata wakaimarisha njia ya wakfu, mali ambayo mtawala hana haki ya kuila.

Mjini Cairo mwaka 684H (1285), kama alivyosajili Maqrizi, Tidhkarbay Khatun, binti wa Sultan Baybars, alijenga Ribatul-Baghdadiyya, ambamo wanawake walioachwa na waume walipata makazi. Mji huo huo na katika miaka hiyo hiyo Sultan Qalawun aliasisi hospitali yake, al-Maristan al-Mansuri. Mwanahistoria Nuwayri (aliyefariki 733H/1333), ambaye aliwahi kuisimamia hospitali hiyo, ameeleza kwamba mafukara wagonjwa waliokuwa majumbani mwao walipelekewa dawa na chakula huko huko walipo. Basi kumfuata asiyejiweza nyumbani kwake kwa fedha ya wakfu si fikra ya jana.

HALI YETU

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliotimia miaka 70, bila ya kuangalia kama mtu aliwahi kuajiriwa au la. Ilipoanza ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka katika bajeti ya serikali. Kenya nayo ilipanua mpango wake wa Inua Jamii mwaka 2018 ukawafikia wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizi ni chache, lakini zina sifa moja anayoitambua kila aliyesoma kisa cha Umar: mzee anaipokea kwa kuwa ni yake, hatakiwi kuthibitisha unyonge wake.

Ama upande wa pili, wa huduma, wapo wengine waliotutangulia leo. Japani, kwa mfano, mwaka 2000 ilianzisha bima ya matunzo ya wazee. Nusu ya gharama hutoka katika kodi, na nusu katika michango ya kila mtu kuanzia miaka 40. Mzee akipimwa na kuonekana anahitaji, hupelekewa mhudumu nyumbani, naye huchangia sehemu ndogo ya gharama. Hatuna utajiri wa Japani. Lakini Sham ya mwaka 100H haikuwa nao pia, na majina yalikusanywa.

Sisi tunazo njia zetu. Tuna masheha wanaojua kila nyumba, tuna misikiti inayojua ni nani ameacha kuonekana safu ya mbele, tuna zaka, na tuna wakfu. Kinachokosekana ni kuviunganisha: sheha na imamu kukaa pamoja waandike majina ya wasioweza kusimama, halmashauri kutenga fungu la kuwalipa wahudumu, na wenye uwezo kuweka wakfu ambao mapato yake yataendelea kuwalipa bajeti inapokatika.

JAWABU

Tunarudi kwa muulizaji wetu wa kwanza. Tunamwambia kwamba hatukuona katika historia hii Khalifa aliyempa mzee haki yake ya hazina kisha akamsamehe mtoto wajibu wake. Mafakihi wetu wamesema mtoto mwenye uwezo hawezi kumpa mzazi wake zaka yake kwa jina la ufakiri, kwa sababu anachompa ni deni la nafaqa, na zaka hailipi deni la mtoaji. Kama zaka yake mwenyewe haimwondolei wajibu huo, itamwondolea vipi pensheni iliyotolewa na wengine? Mtoto anayeacha kumtazama baba yake kwa kuwa serikali imempa pensheni hakuharibiwa na fedha hiyo. Imemfichua tu.

Na tunamwambia mzee wetu wa nguzoni kwamba amesema kweli, na kauli yake ina asili katika matendo ya wema waliotangulia. Haki yake ni ya mambo mawili, fedha na mtu. La kwanza limeanza kupatikana. La pili tunalidai kwa niaba yake kwa wenye mamlaka, na mpaka lipatikane, ni juu yetu majirani. Abu Bakr na Umar walishindana usiku kumtekea maji bibi mmoja kipofu, na hapana aliyewaamrisha.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wazee wetu, awape watoto wetu huruma juu yao, na atujaalie tusizeeke mikononi mwa watu waliosahau. Wallahu a'lam.